Anzia kwenye wimbo anaoupenda rafiki yako

Swali la wiki liliuliza: rafiki akikuomba umpendekezee msanii mmoja na albamu moja, utampa nini, na utampaje? Sehemu ya kwanza nina jibu lake tangu zamani: Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, albamu ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989. Kilichonifanya nikae niandike ni ile sehemu ya pili. Nimeshuhudia albamu hiyohiyo mmoja akiipokea kwa mikono miwili, na mwingine akiizima kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati. Wote wawili walikuwa watu wapenda muziki. Tofauti ilikuwa namna walivyopewa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, Dar es Salaam. Kwenye fremu yetu spika inawashwa asubuhi na kuzimwa tukifunga, na kila anayeingia kupima nguo ana la kusema kuhusu kinachopigwa. Kwa hiyo maoni ya watu juu ya muziki nayasikia kila siku, ya vijana, ya wazee, ya akina mama waliokuja kushona sare za harusi. Nilichojifunza hapo ni hiki: kabla hujampa mtu chochote, muulize anasikiliza nini sasa hivi, halafu mtafutie ndugu wa wimbo huo. Muziki wa mji huu una ukoo. Ukimshika mtu kwenye tawi alilokalia, utamfikisha hadi kwenye shina, naye atakwenda kwa hiari yake.

Chukua singeli. Tuna kijana pale kazini anayeshona suruali, na kwake yeye wimbo usiofika mapigo 200 kwa dakika ni wa kulalia. Kumpa kijana kama huyo muziki wa dansi moja kwa moja ni kumpoteza. Nilimwanzishia Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wenye kazi za vijana wa studio ya Sisso ya hapa hapa Mburahati. Alishangaa kwamba muziki wa vigodoro, zile sherehe za usiku kucha za mtaani kwake, umetolewa kama albamu na unasikilizwa Ulaya. Kutoka hapo nikampeleka kwa mzazi wa singeli, yaani mchiriku: Jagwa Music na albamu yao ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Kile kinanda kidogo cha Casio kinacholia kwa kukwaruza, ngoma zinazokimbizana, mwimbaji anayesimulia shida za uswahilini bila kupumua, vyote alivitambua palepale. Aliipiga siku nzima, na wateja wa makamo wakawa wanaingia wakicheka kwa furaha, maana mchiriku ndio uliokuwa muziki wa ujana wao.

Kwa mtu wa hip hop njia ni nyingine. Huyo anapenda maneno na kisa, kwa hiyo ninampa Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, na ninamtaka aanze na "Ndio Mzee", ule wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu na wananchi wanaitikia. Baadaye Jay mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, jambo linalofanya wimbo usikike kwa namna ya pekee leo. Akishauzoea, ninamrudisha nyuma hadi kwa Marijani Rajabu, mwimbaji wa dansi aliyeitwa Jabali la Muziki, na "Zuwena" aliyoimba na Dar International. Marijani alifariki mwaka 1995, lakini yule anayependa kusimuliwa kisa hatamwona mzee. Atasikia mtu anayejua kupanga maneno. Sauti yake haina haraka. Neno linatoka zima, unalisikia herufi kwa herufi, na gitaa linalomfuata linamwachia nafasi ya kupumua.

Sasa niseme juu ya muziki wa dansi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo marafiki wengi wanapopotea, na lawama si yao. Nyimbo zake ni ndefu, dakika saba, nane. Zinaanza taratibu: waimbaji wanaeleza kisa, beti baada ya beti, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati na kutoka. Halafu inafika chemko. Magitaa yanabadilika, ngoma inapanda, kisa kinaachwa, kinachobaki ni kucheza. Mtu aliyezoea nyimbo za dakika tatu anaruka kwenda wimbo unaofuata kabla ya kufika huko, kisha anakwambia muziki huu umepoa. Ukimpa rafiki Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, mwambie mapema kabisa: vumilia hadi chemko. Nilimpigia kijana wetu "Neema" ya Mlimani Park, ile ya Cosmas Chidumule, nikamwomba asiguse simu tu. Mwanzoni alikuwa akikanyaga cherehani kama kawaida, macho kwenye mshono. Magitaa yalipobadilika mguu ukasimama juu ya pedeli. "Mama, hebu rudisha hapo," akasema. Nikamwambia hairudishwi hapo, inarudishwa mwanzo, kwa sababu chemko bila kile kisa cha mwanzo haina nguvu hiyo.

Tatizo lingine la dansi ni neno lenyewe la albamu. Enzi zile bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wimbo mmoja mmoja, ili zipigwe hewani. Baadhi zilitoka kwenye santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi. Bendi kama Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, au Msondo, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, hazikukaa chini kutunga albamu yenye mwanzo na mwisho. Albamu zao nyingi tulizonazo ni mikusanyiko ya baadaye. Mzuri ninaoupenda unaitwa Sikinde, uliotolewa Marekani na Africassette kutoka kwenye rekodi hizo za redio. Ndiyo maana rafiki akiniomba albamu ya dansi huwa ninamtengenezea mwenyewe: nyimbo tano, Sikinde na Msondo zikipishana, ili asikie waimbaji Gurumo na Bitchuka, waliowahi kuimba pande zote mbili, wakiwa na bendi hii kisha ile. Ushindani wa bendi hizo mbili ni nusu ya utamu wake, na hausikiki ukimpa bendi moja peke yake.

Kwa Remmy mambo ni tofauti, na hapo ndipo ninapomchagua yeye nikilazimishwa kutaja mmoja. Songs for the Poor Man ilirekodiwa Uingereza, katika studio za Real World, ikapangwa kama albamu kamili. Rafiki wa nchi yoyote anaweza kuipata leo kwenye simu na kuisikiliza kuanzia juu hadi chini. Remmy alizaliwa Congo, akaingia Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akawa wa Super Matimila, na mji ukamchukua kuwa mwanawe kabisa. Hadi leo, zaidi ya miaka kumi tangu afariki Desemba 2010, konda wa daladala bado anaita "Sinza kwa Remmy" na abiria wanashuka. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mwanamuziki: jina lako linatamkwa kila siku na watu wanaokwenda sokoni.

Alichoimba ni maisha ya mnyonge, na aliimba akiwa upande wake. Hakumhurumia kutoka mbali. Sikiliza "Sauti ya Mnyonge", kisha "Nasikitika", kisha "Kipenda Roho", utaona huzuni na raha zinakaa nyumba moja. Magitaa ni matamu ya kikongo, Kiswahili ni cha Dar, na sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, inakushika bega. Mpenda singeli anaikubali kwa sababu ya maneno ya mtaani. Mpenda hip hop anaikubali kwa sababu ya msimamo. Wazee wanaikubali kwa sababu inachezeka. Yule niliyesema aliizima katikati nilimtumia albamu nzima kwenye WhatsApp bila neno lolote, usiku, akiwa amechoka. Aliyeipokea nilimpigia "Kipenda Roho" peke yake Jumamosi mchana akisubiri gauni lake, nikamweleza Remmy ni nani, akaniomba zilizobaki yeye mwenyewe.

Taarabu nitaigusa kidogo tu, maana inastahili swali lake la wiki. Mpenzi wa mipasho ya kisasa, anayemjua Khadija Kopa neno kwa neno, mpe Bi Kidude, kisha umwambie kwamba kabla yake alikuwepo Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Rekodi za Siti zina mikwaruzo ya santuri, kwa hiyo mpe hedifoni na mahali pa kimya.

La mwisho ni kwa wenzangu wanaotuma viungo. Nyimbo arobaini kwa mpigo hazisikilizwi na mtu. Tuma moja, andika sentensi moja ya kumwelekeza asikilize nini ndani yake, kisha subiri ajibu. Na kama rafiki yupo hapa Dar, Msondo na Sikinde bado wanapiga wikiendi: mwambie avae viatu vya kuchezea, mlipie kiingilio, muende mapema mpate meza karibu na jukwaa.