Kabla Hujakubali Kupasuliwa Mgongo

Mei 2023 tulikuwa tunapanga madawati ya mtihani wa moko wa kidato cha nne. Nilishika upande mmoja wa dawati, kijana wa darasani kwangu akashika wa pili, na nilipojipinda ili lipite mlangoni nikasikia kitu kimelia kiunoni, ka! Sikuanguka. Nilipanga hata mistari miwili zaidi. Moto uliwaka usiku: ulianzia kwenye tako la kushoto, ukateremka nyuma ya paja, ukapita kwenye shavu la mguu na kuishia kwenye kidole kidogo. Nikikohoa, nilishika ukuta.

Kilichonitisha zaidi kilitokea ubaoni wiki iliyofuata. Ubao wetu umepigiliwa juu na mimi si mrefu, kwa hiyo miaka yote huandika tarehe kwa kusimama juu ya ncha za vidole. Siku hiyo kisigino cha kulia kilinyanyuka, cha kushoto kikabaki sakafuni. Nilijaribu tena, kikabaki. Kuuma ni jambo moja, lakini mguu wako mwenyewe kutokukusikia ni jambo jingine kabisa. Niliandika tarehe katikati ya ubao, wanafunzi wakatazamana.

Tangu hapo nimefuatwa na watu wengi wenye bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, mkononi, na karibu wote wana swali lile lile: "Mwalimu, nipasuliwe au nisipasuliwe?" Mimi nilipasuliwa, lakini baada ya miezi saba. Nashukuru kwamba sikupasuliwa siku niliyoambiwa, na nashukuru vile vile kwamba sikukataa siku ilipofika. Maelezo yangu yote ni juu ya hiyo miezi saba.

Mwezi wa kwanza niliuharibu. Mama yangu alisafiri kuja kuniuguza, akaniambia, "Mwanangu, lala, mgongo haufanyiwi mchezo," nami nikalala siku kumi na moja. Nilipoinuka nilikuwa dhaifu kuliko nilivyolala. Baadaye nilisoma kwamba Waholanzi walishalipima jambo hili tangu 1999: wagonjwa 183 wenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, nusu wakalazwa kitandani wiki mbili, nusu wakaambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Waliolala hawakupona zaidi ya wenzao. Nilinunua pia mkanda mpana wa kiuno, ule wenye vyuma, nikauvaa hadi kitandani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mikanda ya namna hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo halishauri vitumike kama tiba ya kawaida. Mchuaji mmoja alinipanda kwa goti mgongoni hadi nikapiga kelele. Huyo sitaki hata kumzungumzia, ila nakuomba: kama mguu una ganzi au umelegea, usimruhusu mtu yeyote akukanyage.

Dukani nikapewa vidonge vya pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Vilinipa kizunguzungu, mara mbili nikashika meza ya walimu nisianguke. Mwaka 2017 watafiti wa Sydney waliwapa wagonjwa 209 wa maumivu ya aina yangu dawa hiyo, au kidonge kisicho na dawa ndani, bila wao kujua wamepewa kipi. Maumivu ya mguu hayakutofautiana. Kizunguzungu kilikuwa zaidi kwa waliomeza dawa. Ikiwa unaimeza sasa, usiiache ghafla. Rudi kwa aliyekuandikia akupunguzie taratibu.

Kisha MRI. Ripoti ilisema diski, yaani ule mto mdogo unaokaa kati ya pingili na pingili, iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa chini yake imetokeza na inabana mshipa wa fahamu wa kushoto, na kwamba diski mbili za juu yake zimekauka. Daktari wa hospitali niliyoanzia aliisoma akiwa ameketi, hakunivua viatu, hakunigusa. "Mgongo umesagika. Tukufanyie upasuaji wiki hii, la sivyo utaishia kwenye kiti cha magurudumu." Usiku ule nyumbani tulikaa kikao. Shemeji yangu alikuwa ameshaanza kumtafutia mnunuzi ng'ombe wake.

Kuna jambo ambalo natamani kila mwenye bahasha ile aambiwe kabla hajaifungua. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika watu wa miaka 40, watu 68 kati ya kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa na 50 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Kwa wa miaka 20 waliokuwa na uchakavu walikuwa 37 kati ya 100. Kwa wa miaka 80, watu 96. Hawa wote walikuwa wanatembea, wanalima, wanabeba wajukuu, bila kusikia lolote. Zile diski zangu mbili zilizokauka, ambazo zilimliza mke wangu, zilikuwa mvi za mgongo. Nilikuwa na miaka 43.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye jirani alinielekeza kwake. Nilimpa bahasha. Aliichungulia kidogo, akaiweka kando. "Picha nimeiona, Mwalimu. Sasa nataka kuuona mguu wako. Vua viatu." Alinitembeza kwa visigino, akanitembeza kwa ncha za vidole, akanigonga magotini na nyuma ya visigino kwa kinyundo, akanigusa nyayo kwa pamba nimefumba macho, akauliza nasikia wapi na sisikii wapi. Dakika arobaini. Mwisho akaniambia mshipa wa kushoto kweli umebanwa, na kwamba mahali pa ganzi, udhaifu wa kisigino na picha vyote vinasema kitu kimoja. Hilo ndilo la kutafuta. Picha pekee haitoshi. Ukiwa na picha inayosema kushoto na maumivu yaliyo kulia, mpasuaji akikusogezea fomu ya kutia saini, inuka uende ukapate maoni ya daktari mwingine.

Ndiye aliyenieleza pia kwa nini kuna maana ya kusubiri. Diski ni kama dafu, alisema: nje nyuzi ngumu, ndani urojo. Nyuzi zikipasuka, urojo unatoka na kuugusa mshipa, na kemikali zake zinauwasha mshipa hata kabla haujabanwa sana. Lakini urojo ukishatoka nje, mwili unauona kama kitu kigeni na kuanza kuula polepole. Ajabu ni kwamba kipande kilichotoka kabisa, kile kinachotisha zaidi kwenye picha, ndicho huliwa zaidi. Uchambuzi mmoja wa tafiti za nyuma uliochapishwa 2015 ulikuta vipande vilivyomeguka kabisa hupungua vyenyewe kwa wagonjwa 96 kati ya 100, ilhali uvimbe mdogo wa diski hupungua kwa 13 tu.

Na upasuaji? Wilco Peul na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walichapisha 2007 utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu vibaya kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa kupasuliwa mapema, jingine likaambiwa lisubiri kwanza. Waliopangiwa kisu walipata nafuu haraka zaidi, wiki 4 dhidi ya 12. Ila baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalifika pale pale: 95 kati ya 100 walisema wamepona. Katika waliosubiri, 39 kati ya 100 mwishowe walipasuliwa, kwa wastani kwenye wiki ya 18 au 19. Kwa hiyo daktari aliyenitishia kiti cha magurudumu alikuwa na haki ya kuniambia kisu kitanipunguzia maumivu upesi. Hakuwa na haki ya kunitisha.

Mama yule hakuniacha nisubiri kwa kuomba Mungu tu. Kila Ijumaa nilishika fremu ya mlango, nikasimama kwa mguu wa kushoto pekee, nikahesabu mara ngapi kisigino kinanyanyuka, nikaandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Juni: sifuri. Julai: moja, ya kutetemeka. Agosti: nne. Tukashangilia. Septemba: nne. Oktoba: nne. Maumivu nayo yalikuwa yamekwama, sikuweza kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika kumi, na safari ya basi niliipiga nimesimama nimeshika bomba. Mwisho wa Oktoba aliandika barua ya rufaa mwenyewe. Kusubiri nako kuna mwisho wake. Mwaka 2020 madaktari wa London, Ontario, huko Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 128 walioumwa mguu kwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita, maumivu ya mguu kwa waliopangiwa kupasuliwa yalikuwa 2.8 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Kwa waliopangiwa mazoezi, dawa na sindano yalikuwa 5.2.

Sasa naomba usome hapa polepole, kwa sababu haya hayasubiri wiki sita wala siku sita.

Siku moja kwenye benchi la mazoezi tiba aliketi karibu nami dereva wa lori, kiuno kinamuuma kama sote. Katika mazungumzo akasema hajakojoa tangu jana mchana, akadhani ni dawa. Mama yule alikuwa ananifunga mpira wa mazoezi mguuni. Aliuachia. Akamuuliza, "Kaka, ukijipangusa chooni unasikia?" Akajibu kwamba tangu asubuhi ni kama anampangusa mtu mwingine. Alimsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi idara ya dharura, mimi nikabaki na mpira umening'inia.

Hiyo ni mishipa yote ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa kwa pamoja. Mkojo kugoma au kutoka bila kujua, haja kubwa kukutoka, ganzi mahali panapogusa kiti cha baiskeli, miguu yote miwili kulegea, unyayo kuanza kuburuta na kuzidi siku hadi siku: nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, usiku huo huo, hata kwa kukopa nauli. Kwa Tanzania taasisi kuu ya umma ya upasuaji wa mgongo ni MOI, yaani Taasisi ya Mifupa, pale Muhimbili, Dar es Salaam, lakini anzia hospitali ya mkoa iliyo karibu na useme neno "mkojo" mapema, usilifiche kwa aibu. Saa ndizo zinazoamua kama utakojoa mwenyewe maisha yako yote.

La pili ni kifua kikuu cha mgongo. Huku kwetu bado kipo. Maumivu ya mgongo yanayoendana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachochomoza mgongoni, hayo si diski. Ni ugonjwa wenye dawa, na wagonjwa wengi hupona kwa vidonge bila kisu wakiwahi. Mwenzetu mmoja shuleni alichuliwa miezi mingi kabla ya mtu kumpima. Vivyo hivyo ukianza kuumwa mgongo baada ya ajali, au umewahi kutibiwa saratani, usijifananishe na mimi.

Nilipasuliwa Desemba, shule zimefungwa. Kabla ya kutia saini nilimuuliza daktari bingwa mambo ambayo nakusihi nawe uulize: unakwenda kutoa nini hasa, na unatarajia kipone kipi, mguu au mgongo? Alijibu bila kusita: "Natoa kipande kinachobana mshipa. Nautibu mguu. Mgongo wenyewe sikuahidi." Nilimwamini kwa jibu hilo. Nilimuuliza pia kama ataweka vyuma, akasema pingili zangu hazichezi, hakuna sababu. Upasuaji wa diski iliyotoka kwa kawaida hauhitaji vyuma, kwa hiyo ukiambiwa unawekewa, taka kujua kwa nini. Kidonda kilikuwa kifupi kuliko kidole changu cha shahada. Nilipozinduka, moto wa mguu haukuwepo. Nililia, muuguzi akadhani naumwa. Kesho yake nilitembea korido. Kiuno kiliuma wiki kadhaa, kama nilivyoambiwa.

Tangu hapo dawa yangu ni kutembea. Katikati ya 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea taratibu hadi kufika dakika 30, mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wenzao siku 112. Natoka na mke wangu saa kumi na mbili asubuhi, tunazunguka hadi shule ya msingi na kurudi. Ni bure, na ndio muda pekee wa siku tunaozungumza bila simu.

Mwezi uliopita maumivu yalirudi. Nilikuwa nimeinama kuokota chaki. Mke wangu alianza kutafuta ile bahasha ya zamani, nikamwambia aiache. Nikashika fremu ya mlango: kisigino cha kushoto kikanyanyuka mara kumi na sita. Nilikwenda chooni, mkojo ukatoka vizuri. Nikajigusa, nasikia kila mahali isipokuwa kidole kidogo, ambacho kina ganzi tangu 2023. Kesho yake tulitembea, nusu ya njia, polepole. Siku ya tisa yalikwisha.