Nane mbili kwenye blaindi kubwa: kufuata dau au kuongeza?

Swali: Katika mashindano ya poka, blaindi, yaani dau za lazima ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, zilikuwa 1,000 na 2,000, na mwenye blaindi kubwa alilipa pia ante, yaani mchango wa lazima, ya 2,000 kwa niaba ya meza nzima. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye blaindi kubwa, nikiwa na chipu 70,000 na nane mbili mkononi. Mwenye kitufe, ambaye huamua wa mwisho, alifungua kwa 4,500. Nikaongeza hadi 14,000, akafuata. Mezani zikafunuliwa karata tatu za kutumiwa na wote: mfalme wa shupaza, jeki wa kopa na nne ya uru. Niliweka 12,000 ili nijue nimesimama wapi, akafuata tena. Karata ya nne ilikuwa tatu ya pau. Nikapita bila kuweka dau, naye akasukuma chipu zote. Nilitupa karata nikabaki na 42,000. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kutupa karata mwishoni kulikuwa sahihi. Tatizo lilianza kabla ya karata yoyote kufunuliwa, pale ulipopandisha dau hadi 14,000.

Tuanze na bei uliyopewa. Mezani palikuwa na 9,500, nawe ulidaiwa 2,500 tu ili uendelee, kwa hiyo ulihitaji kushinda takribani asilimia 21 ya wakati. Dhidi ya mchezaji wa kitufe, ambaye hufungua kwa karata nyingi dhaifu, nane mbili huzidi kiwango hicho kwa mbali. Ulipoongeza, uliwapa nafasi ya kukimbia wale uliowashinda, kama wenye saba na sita, wakabaki wenye jozi kubwa zaidi na wenye karata mbili za juu. Fungu, yaani jumla ya chipu zinazogombaniwa, likafika 31,000 huku kila mmoja wenu akiwa amebakiwa na 54,000 hivi, na wewe ndiye unayetakiwa kuzungumza kwanza katika kila hatua. Kumbuka pia kwamba ukiwa na nane mbili, angalau karata moja kubwa kuliko nane hutokea katika zile tatu za mwanzo takribani asilimia 87 ya wakati. Fungu kubwa la namna hiyo halifai kujengwa kwa jozi ambayo karibu kila mara itafunikwa.

Dau la 12,000 lina kasoro yake. Kuweka dau ili kupata habari ni ushauri wa zamani ninaoupinga waziwazi: mwenye mfalme au jeki hatoki, asiye na kitu hutoka, na wewe unabaki umelipa ghali kwa jibu ambalo kupita kungekupa kwa bei ndogo.

Ungefuata 2,500, fungu lingekuwa 12,000. Kwenye mfalme, jeki na nne ungepita, na tuseme mpinzani angeweka 4,000. Hapo ufuate mara moja, kwa sababu unahitaji asilimia 20 tu na wengi huweka dau dogo kama hilo hata wakiwa hawana kitu. Akiweka dau kubwa tena kwenye karata ya nne, tupa bila kusita. Kungoja nane ya tatu si mpango unaotosha peke yake, kwani huipata kwenye karata tatu za mwanzo takribani asilimia 12 tu ya wakati. Kukifunuliwa saba, tano na mbili, mambo hubadilika: mpinzani mwenye mfalme na malkia bado ana karata sita za kumwokoa, ambazo ni karibu asilimia 24 akiziona mbili zijazo bure, kwa hiyo akiweka dau, kumwongezea huko kuna maana.

Ungekuwa na chipu 40,000, yaani blaindi kubwa 20, ningekushauri usukume zote mara moja dhidi ya kitufe. Mara nyingi atatupa. Akifuata na ree na mfalme, bado wewe unaongoza, ukiwa na nafasi ya kushinda ya karibu asilimia 55. Ni akiwa na jozi kubwa zaidi tu ndipo unapobaki na takribani asilimia 20, na baada ya kusukuma huna tena hatua ngumu za kuamua ukiwa wa kwanza.

Hesabu hiyo hulegea karibu na mstari wa zawadi, yaani wakishabaki wachache tu wa kutoka kabla waliosalia hawajaanza kulipwa. Huko chipu unazopoteza zina thamani kuliko zile unazoshinda, hasa ukikabiliana na mwenye chipu nyingi kuliko wewe wakati mezani wapo wenye chache zaidi wanaokaribia kutoka. Katika hali hiyo, hata ukiwa na blaindi 20, fuata zile 2,500 badala ya kusukuma.