Kichwa Changu cha Swala Kimekaa kwa Fundi Miezi Kumi na Moja

Maswali ya wasomaji kuhusu kujaza na kuhifadhi wanyama. Anajibu Fundi Mstaafu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nilimpelekea fundi wa kujaza wanyama kichwa cha swala na ngozi yake ya shingo na mabega, anitengenezee cha kutundika ukutani. Nilitanguliza nusu ya malipo, akaniambia nihesabu miezi minane. Sasa ni wa kumi na moja. Mwezi wa saba nilipiga simu akasema, "Inakauka, usiwe na wasiwasi." Mwezi wa kumi nikapiga tena, akasema ngozi haijarudi kutoka kiwandani. Mke wangu anasema nimeshaliwa. Nisubiri mpaka lini? Au nikachukue mali yangu? – Mwenye Kichwa

JIBU: Marahaba, Mwenye Kichwa. Miezi kumi na moja hainishtui hata kidogo. Kilichonishtua ni hizo simu mbili, na nitazirudia.

Kichwa na mabega ya swala, kwa mkono uliozoea, ni kazi ya siku mbili tatu ukizikusanya saa zote pamoja. Najua hapo umeruka kitini. Siku nyingine mia tatu na ushei zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye foleni, kwenye kiwanda cha ngozi na kwenye kukauka.

Foleni haina maelezo marefu. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, wote mnakuja wiki zilezile. Niliwahi kupokea vichwa arobaini ndani ya mwezi mmoja, na mikono yangu ni hii miwili. Yule wa arobaini hakunikosea kitu, ila mbele yake walikuwepo thelathini na tisa.

Kiwandani ndiko mwaka unakoishia. Ngozi mbichi ikifika kwangu naikwangua nyama na mafuta yote, naipasua midomo kwa ndani, nayageuza masikio nje ndani kama soksi, kisha naisugua chumvi ya unga kila kona. Kesho yake chumvi imelowa chapachapa. Naikung'uta, naweka mpya. Siku chache baadaye ngozi imekuwa kama kadibodi, unaweza kuisimamisha ukutani. Hapo inangoja wenzake, kwa sababu kutuma ngozi mojamoja ni hasara, na kiwanda nacho hufanya kazi kwa mafungu. Huko inaloweshwa upya, inazamishwa kwenye maji ya asidi na chumvi, inapunguzwa unene kwa kisu cha mashine, inarudishwa kwenye asidi, inapozwa makali, ndipo inatiwa dawa ya kuifanya isioze tena. Mwisho inapakwa mafuta na kuzungushwa kwenye pipa la unga wa mbao mpaka ilainike. Miezi minne hadi sita kwa safari hiyo ni jambo la kawaida. Kuna kiwanda kiliwahi kukaa na furushi langu miezi tisa, na simu za wateja zilikuwa zinaita mfukoni kwangu, si kwao.

Ngozi ikirudi inavalishwa kiunzi cha povu gumu kilichoagizwa kwa vipimo vya mnyama mwenyewe: kutoka kona ya jicho hadi ncha ya pua, na mzunguko wa shingo. Macho ni ya kioo, yanazungushiwa udongo wa mfinyanzi ili kope zipate pa kukaa. Gundi, mshono wa kisogoni, basi. Kisha inaachwa ikauke, na hapa ndipo fundi mwenye pupa huumbuka. Ukiingia karakana siku hizo utadhani uko wodini: masikio yamebanwa kwa vipande vya kadibodi, kope zimeshikwa kwa pini nyembamba, pua imechomekwa pamba. Kila asubuhi nilipita na kidole gumba, nikibonyeza kona ya ndani ya jicho na tundu la pua. Ngozi ikikauka hujivuta, na penye bonde hunyanyuka juu ya kiunzi ikabaki imetanda kama ngozi ya ngoma. Ukiiwahi ingali na unyevu, unairudisha kwa kidole. Ukichelewa, imekwisha. Wiki tatu, penye unyevu mwingi, nne au zaidi. Baada ya hapo ndipo pini zinatoka, nyufa zinazibwa, pua na kope zinapakwa rangi, kwa sababu ngozi ikishakauka hupoteza rangi yake pale pasipo na manyoya.

Kwa hiyo kichwa cha namna hiyo, miezi minane hadi kumi na miwili ni kawaida. Kwa fundi anayegombewa, hata kumi na minane haijawa wizi. Mnyama mzima huchukua zaidi. Yule kobe mkubwa wa visiwa vya Galápagos, Lonesome George, wa mwisho wa jamii yake, alikufa Juni 2012. Alikuwa na makumbusho makubwa na wataalamu nyuma yake, wala hakusimama foleni nyuma ya mtu. Watu walimwona amekamilika New York Septemba 2014.

Sasa simu zako. Ngozi hukauka mara mbili: kwanza kwenye chumvi, kabla ya kwenda kiwandani, na mara ya pili juu ya kiunzi, ikisharudi. Fundi aliyekwambia "inakauka" mwezi wa saba, halafu "haijarudi kutoka kiwandani" mwezi wa kumi, hawezi kuwa alimaanisha kiunzi, maana ngozi hairudi nyuma. Labda alimaanisha chumvi. Lakini chumvi ni kazi ya siku chache, si ya mwezi wa saba. Ikiwa ni kweli, basi ngozi yako ililala kwenye friza nusu mwaka kabla hajaigusa. Au hakumbuki ya nani iko wapi, akajibu lililomjia mdomoni. Nimefanya kazi na mafundi wa namna hiyo. Wengi si wezi, ila wanapokea kazi kuliko uwezo wao na wanaogopa kusema.

Usimpigie tena kumuuliza atamaliza lini. Swali hilo linamfundisha mtu kudanganya. Nenda kwake asubuhi, bila ugomvi, useme, "Nionyeshe ngozi yangu." Kila ngozi huwa imetiwa alama: kibati, au matundu yaliyotobolewa pembeni kwa mpangilio wa namba, ili isipotee kiwandani. Akuonyeshe namba yako kwenye daftari lake. Kama ngozi haiko pale, akuonyeshe karatasi ya kiwanda yenye tarehe ya kutumwa. Fundi mwaminifu atakutolea hiyo karatasi huku akinung'unika. Kunung'unika ni haki yake.

Ukiikuta ngozi ingali ya chumvi, ikague. Iwe ngumu, isiwe na harufu ya kuoza. Bana manyoya machache kwa vidole viwili kwenye ukingo wa sikio na chini ya shingo, uvute taratibu. Yakibaki vidoleni kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto, ngozi iliharibika kabla ya chumvi, na hakuna kiwanda kitakachoyarudisha. Usimrukie fundi hapo hapo, maana huenda kosa lilianza porini, kichwa kilipokaa juani nusu siku. Ukiikuta bado kwenye friza, tazama ncha za masikio na pua: zikiwa zimepauka na kukakamaa, barafu imezikausha, na kazi imekuwa ngumu zaidi.

Kuhusu kuichukua: kama iko kiwandani, iache irudi. Ukimhamia fundi mwingine leo, unaingia mkiani mwa foleni yake na mwaka unaanza upya. Kama bado ni ya friza au ya chumvi na mtu hana maelezo, ichukue. Mdai malipo ya awali, umkatie kazi aliyokwisha kufanya, muandikiane. Na hati za uwindaji ulizompa zirudi pamoja na ngozi. Mnyama asiye na karatasi ni kesi inayosubiri mtu. Kama mwezi wa kumi na tano utafika bila namba, bila karatasi na bila ngozi ya kuonyesha, hapo nitakubaliana na mke wako.

SWALI: Fundi, paka wangu wa miaka kumi na sita alikufa, nikampeleka kwa mtaalamu mwenye mashine ya kugandisha na kukausha. Miezi mitano sasa. Anasema paka "bado anapungua uzito". Hii ni lugha gani? – Mama Paka

JIBU: Pole sana, mama. Hiyo ndiyo lugha ya kweli kabisa ya kazi hiyo, na mtu wako anaonekana anaijua. Wanyama wa nyumbani wengi hawajazwi kwa kiunzi, kwa sababu kiunzi cha paka wa kawaida hakiwezi kuwa na sura ya paka wako, na wewe unaijua sura ile kuliko mtu yeyote. Badala yake anatolewa matumbo, anawekwa katika mkao uliouchagua, anagandishwa, kisha anaingizwa kwenye tangi lililonyonywa hewa. Humo barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Ni pole pole mno. Anayeijua kazi humtoa mara kwa mara akampima kwenye mizani; siku uzito unapoacha kushuka ndipo maji yameisha. Paka kukaa humo miezi kadhaa ni kawaida. Akitolewa mapema, unyevu uliobaki ndani utaleta harufu, na wadudu watafuata. Muulize tu alikuwa na gramu ngapi mwezi jana na ana ngapi leo. Akikutajia namba mbili, subiri.

SWALI: Nimepata fundi anayeniahidi kichwa cha kulungu kwa wiki tatu tu, na kazi zake za pichani ni nzuri. Nimpe? – Mwenye Haraka

JIBU: Muulize kwanza ngozi ataifanya nini. Kwa wiki tatu haiendi kiwandani, kwa hiyo ataipaka dawa ya unga kwa ndani na kuivalisha. Kwa ndege njia hiyo haina ubaya, ngozi yao ni nyembamba kama karatasi. Ngozi ya kulungu ikifanyiwa hivyo hujivuta zaidi inapokauka, na kosa halionekani siku ya kukabidhiwa.

Najua kwa sababu nilishafanya. Mwaka wangu wa tatu kazini, mteja mmoja alikuwa na wageni wake wakubwa, akanibana, nikatoa pini siku ya kumi na kupaka rangi juu ya ngozi yenye unyevu. Alifurahi sana. Baada ya wiki sita akanirudishia: kope ya kushoto ilikuwa imejivuta ikaacha mstari mweupe wa udongo chini ya jicho, mwembamba kama ukucha uliokatwa, na sikio moja limejikunja kama jani la mgomba lililopigwa jua. Nililoanisha, nikachokonoa, nikabandika. Mstari ule ukarudi. Nilimtengenezea kingine kwa gharama zangu, na mara hiyo alingoja miezi kumi na mmoja bila kunipigia simu hata moja.

Zile picha ulizonitumia nimezitazama kwa kioo cha kukuzia. Zote zimepigwa kwa mbele, na zote ni za kazi mpya, pini bado ziko mezani. Mwambie akuonyeshe kichwa alichokabidhi mwaka jana, na ukitazame kwa ubavuni, penye kona ya jicho.