Mpwa wako hajafeli, wewe ndiye hujahesabu misimu yake

Futa. Hilo jedwali lifute kabla halijafika kwenye kikao cha Jumapili. Nimesoma uzi wako mara mbili nikitafuta pa kucheka, nimekosa.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ana mpwa anayekimbia mbio ndefu katika chuo kimoja Marekani, daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Kijana aliondoka Kenya na jina kubwa, kila mtu akisema Cheserek mwingine huyo, yule Mkenya aliyebeba mataji 17 ya NCAA akiwa chuo cha Oregon. Sasa yuko mwaka wa nne, kabakiza msimu wa nje tu, na taji la taifa hana. Kaingia arobaini bora wa mbio za nyika mara mbili, kaumia mara mbili. Mjomba mtu kachora jedwali, kushoto mataji ya Edward Cheserek, kulia masifuri ya mpwa wake. Anauliza kama amwambie waziwazi, familia yote ikisikiliza kwenye simu, kwamba hakufikia matarajio. Kauliza pia habari za kuhama chuo, na kama kijana akazanie mita 5,000 au 10,000.

Mkuu, hilo jedwali nililichora mimi kabla yako. Langu lilikuwa na rangi.

Mdogo wangu, tumbo moja, aliondoka na muda wa 29:10 kwenye mita 10,000. Uwanja wa udongo, mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, saa ya mkononi iliyoshikwa na binamu yetu ambaye katikati ya mbio alipokea simu. Muda mzuri tu kwa kijana wa umri ule. Shida ilianza alipotokea jamaa mmoja, simtaji kwa sababu naambiwa bado anafanya kazi hiyo hiyo, aliyejiita mshauri wa wanariadha. Alikuja na kikokotoo kwenye simu. Akasema muda wa mlimani lazima upunguzwe kwa ajili ya hewa nyepesi, ukapunguzwa. Akasema udongo nao una hesabu yake, ukapunguzwa tena. Viatu vya kuazima, punguza. Tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, mdogo wangu alitoka 29:10 mpaka 27:40 bila mtu kunyanyua mguu. Sijawahi kuona mbio nyepesi kama zile.

Wakati huo rekodi ya vyuo ilikuwa 27:08.49, ya Sam Chelanga wa chuo cha Liberty, ya mwaka 2010. Yaani yule bwana alituuzia kijana aliyebakiza nusu dakika avunje rekodi ya vyuo vyote vya Marekani, na sisi tukampigia makofi. Mama alichinja kuku. Msije mkaniambia NCAA wenyewe hurekebisha muda wa viwanja vya milimani. Najua, hufanya hivyo wanapopanga nani kafuzu. Wanarekebisha muda uliopimwa kwa mitambo, kwenye uwanja unaojulikana. Hawarekebishi muda wa binamu aliyekuwa akiongea na simu.

Basi matarajio yakawa hayo. Ukiniuliza leo yalikuwa matarajio ya nani, nitakwambia ni ya kikokotoo.

Mwaka wa kwanza hakushinda kitu. Wa pili kaingia arobaini bora mbio za nyika. Pale wanapanga mstari watu mia mbili na hamsini na ushee kukimbia kilomita 10, na ukimaliza wa arobaini wanakuita All-American, unapewa heshima yako. Mimi nikauliza, wa arobaini? Hapa kwetu wa arobaini hata maji hapewi. Nilidhani nachekesha.

Mwaka wa tatu, kwenye majira ya machipuko, ndipo nilipofanya ujinga ninaoulipia mpaka leo. Ilikuwa Jumapili, kama hiyo yako. Simu ya video, sote sebuleni. Yeye kaiegemeza simu kwenye ukuta wa jiko huko bwenini kwao, anaosha vyombo, na muda wote kasimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja nyuma ya goti. Nikamtania, "Siku hizi umekuwa korongo?" Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka. Hakuuteremsha mguu.

Kisha nikasoma jedwali. Cheserek mwaka wa kwanza, hivi. Wewe mwaka wa kwanza, sifuri. Cheserek wa pili, wewe wa pili. Nilisoma mpaka mwisho, na sauti niliipandisha makusudi ili wazee wasikie. Akasema, "Sawa kaka. Nimekuelewa." Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa, nimefanya kazi ya kaka mkubwa.

Siku chache baadaye kulikuwa na ubingwa wa kanda yao ya vyuo. Akakimbia 10,000 Ijumaa na 5,000 Jumapili, mizunguko 25 halafu kumi na miwili na nusu, kwa sababu timu ilihitaji alama. Usimlaumu kocha peke yake hapo. Miaka ile chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na skolashipu 12.6 tu za kugawana wanaume wote wa riadha na nyika, mrusha mkuki humo humo, mruka juu humo humo. Mshindi anailetea timu alama 10, wa pili 8, wa tatu 6, mpaka wa nane anayeleta 1. Mkimbiaji wa mbio ndefu anayeweza kufunga mara mbili wikiendi moja ni mali, na mali hutumika.

Baada ya hapo, mchujo wa taifa. Kila upande wa nchi wanaingia 48 kwenye 10,000, kumi na wawili wa kwanza wanakwenda fainali. Huku kwetu ilikuwa alfajiri, mimi na simu chini ya blanketi nisimwamshe mke wangu. Mzunguko wa kumi na nane alikuwa wa kumi. Wa kumi na tisa, wa kumi na moja. Wa ishirini sikumwona tena kwenye kundi. Kamera ilipopita upande wa nyuma nikamwona akikimbia kama mtu anayekanyaga misumari, anachechemea upande mmoja, anapitwa. Akamaliza. Namshukuru Mungu na nakasirika kwa pamoja, kwamba alimaliza.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. MRI, kile kipimo cha picha za ndani kabisa, ndiyo iliyoonyesha: ufa kwenye mfupa wa muundi, tena upande wa mbele, ule unaopona polepole kuliko pengine popote kwenye mguu wa mkimbiaji. Vuli nzima nje. Majira ya baridi yote nje. Mwaka wa mwisho akarudi nusu msimu, na hakuwa yule tena.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu badala ya kulala. Mwaka mmoja baadaye, tumekaa sisi wawili, akaniambia kwa utulivu tu, kama anayenieleza habari za basi: "Kaka, ile Jumapili ya jedwali, kesho yake nilikuwa na miadi ya kupimwa mguu. Nikaifuta."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema hata mkinichoka: hesabu misimu kwanza. Kabla ya taji, kabla ya muda, kabla ya Cheserek. Mkimbiaji wa mbio ndefu chuoni ana misimu mitatu kwa mwaka: nyika wakati wa vuli, ndani ya ukumbi wakati wa baridi, uwanja wa nje machipuko. Mara miaka minne, kumi na miwili. Mwanariadha wa mita 100 hana habari na vuli. Huyu wako hana likizo. Chora visanduku 12. Weka alama kwenye kila msimu ambao kijana alifika mzima mpaka ubingwa wa mwisho. Visanduku vitupu visikupe hasira, vikupe jibu la kwa nini taji halikuja. Vile vyenye alama ndivyo pekee unavyoruhusiwa kuvihukumu, na unavihukumu hivi: aliingia mashindano akiwa wa ngapi kwenye orodha, akatoka wa ngapi?

Mdogo wangu alikuwa na alama saba kati ya 12. Katika hizo saba alifika fainali za taifa mara nne, na mara tatu kati ya hizo alimaliza mbele ya nafasi aliyoingia nayo. Hiyo si kazi ya mtu aliyefeli. Ni kazi ya mtu aliyevunjika. Mimi nilikuwa nimeyaandika yote mawili kwa sifuri ile ile, tena nyekundu.

Na huyo Cheserek mnayemtumia kama fimbo, mnamjua au mmesikia tu namba 17? Alishinda ubingwa wa nyika mara tatu mfululizo, 2013 mpaka 2015. Mwaka 2016 akamaliza wa tatu, Patrick Tiernan wa Villanova akabeba, na humu humu mitandaoni watu wakaandika kaisha. Machipuko ya 2017, msimu wake wa mwisho Oregon, aliumia, ubingwa wa nje hakuukimbia. Hata yeye ana kisanduku kitupu. Tena mpaka Paris 2024 inapita alikuwa hajakimbia Olimpiki hata moja, wakati Edwin Kurgat wa Iowa State, bingwa wa nyika 2019, ambaye hakuna mjomba aliyewahi kumchorea mtu jedwali lake, aliivaa jezi ya Kenya kwenye 5,000 hapo Paris. Mzee Henry Rono je? Alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Olimpiki zake ni sifuri kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Mwingize Rono kwenye jedwali lako tuone atafaulu kwa safu gani.

Kuna atakayekuja kuniambia nalea uzembe. Hapana. Mtu akiwa na visanduku vyote 12 vyenye alama, hajaumia hata ukucha, na kila fainali anaingia wa kumi anatoka wa sitini, huyo mwambie, nami nitakusindikiza. Lakini wako umesema mwenyewe kaumia mara mbili, ukaliweka mstari wa mwisho kabisa, baada ya emoji. Kila jeraha lilimla misimu mingapi? Hujaandika. Arobaini bora hizo mbili aliingia akikadiriwa wa ngapi? Hujaandika. Umeandika 17 mara tano, nimehesabu.

Msimu wa nje bado haujaanza. Hicho ni kisanduku cha kumi na mbili na bado kiko wazi, usiende kukifunga kwa mdomo mbele ya watu. Mpigie leo, peke yako, bila spika, bila wazee. Muulize habari za miguu kabla ya habari za mbio. Ikiwa ni simu ya video, angalia anavyosimama.