Nimeanguka baada ya kuokoka: je, nimepoteza wokovu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Niliokoka nikabatizwa ziwani. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Biashara ilipobana nikaanza kuchanganya mchanga kwenye magunia ili kilo ziongezeke. Sasa dhamiri inanisuta, usingizi sipati. Mhubiri mmoja alinisomea Waebrania 6, akasema wokovu wangu umekwisha na sina toba tena. Mwingine anasema ukishaokoka umeokoka, nisijisumbue. Nimsikilize yupi? Na je, nibatizwe upya?

Jibu: Amina, dada yangu. Nianze na Waebrania 6, maana ndiyo inayokukosesha usingizi. Waraka ule uliandikiwa waumini waliokwisha kutukanwa hadharani na kunyang'anywa mali kwa ajili ya Kristo (soma 10:32-34), na baadhi yao walikuwa hatarini kumwacha kabisa. Huko ndiko kuanguka kunakosemwa pale: mtu amemjua Yesu, kisha anamkana kwa makusudi na kumfedhehesha. Huyo hataki kurudi. Wewe unalia usiku ukitafuta pa kurudia! Petro alimkana Bwana mara tatu, tena kwa kiapo, akapokelewa. Na Bwana alikuwa ameshamwombea imani yake isitindike (Luka 22:32). Isitoshe, katika mstari wa 9 mwandishi anawaita wasomaji wake wapenzi na kusema ana hakika nao juu ya mambo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu. Ungesomewa mpaka hapo.

Ni kweli makanisa hayajakubaliana. Walutheri, tangu Ungamo la Augsburg (tamko lao la imani) la 1530, hufundisha kwamba aliyehesabiwa haki anaweza kumpoteza Roho Mtakatifu, na akitubu husamehewa. Wakatoliki husema dhambi ya mauti huondoa neema, na kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, huirudisha. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye aliamini mtu anaweza kuanguka. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed uliofanyika Uholanzi 1618 hadi 1619, ilifundisha kwamba Mungu huwahifadhi wateule wake hadi mwisho. Mimi nasimama na Dort, kwa sababu Yesu alisema juu ya kondoo wake, "wala hawatapotea kamwe" (Yohana 10:28). Lakini hata Dort haikumwambia mtu asijisumbue. Ilisema waziwazi kwamba dhambi za waumini humhuzunisha Roho na kuijeruhi dhamiri vibaya. Huko kusutwa kwako, dada, naamini ni Mungu hajakuachia.

Basi usiinyamazishe dhamiri yako. Mchanga uishe leo. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Wewe anza na wateja wako wa kudumu, hata yule anayepeleka Kongo. Mpigie, mweleze ukweli, punguza bei ya gunia lijalo au mrudishie fedha yake. Mtaji ukiwa mdogo, lipa kidogo kidogo, na mchungaji wako ajue ili akusimamie.

Kubatizwa upya hakuhitajiki. Petro hakubatizwa tena baada ya kumkana Bwana. Aliulizwa kama anampenda, akapewa kondoo wa kulisha.