Tiketi nne, bisi ndogo moja

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Tabata Segerea, ndoa yetu ina miaka kumi na moja. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita mke wangu aliondoka saa tatu asubuhi, akaniaga anakwenda kwenye kikoba. Hata maandazi yake ya kuuza hakukaanga siku hiyo, wateja wakawa wanakuja kunigongea mimi. Nilikosa mechi zote tatu kwa ajili ya kukaa na watoto. Nilimpigia simu mara ishirini na mbili hapokei. Saa moja na dakika arobaini usiku ndipo akapokea, nikamwambia mama ana njaa. Saa tatu kasoro akaingia na soksi za shule mkononi, kama vile alikuwa sokoni.*

*Alipolala nilikagua mkoba. Nikakuta tiketi nne za sinema Mlimani City: ya saa tano asubuhi ni katuni, ya saa saba ni picha la Kihindi, ya saa kumi na robo, na ya saa moja na robo usiku. Nikakuta risiti ya bisi ndogo, na kanga moja. Shangazi, mke wa mtu anashindaje sinema? Na kanga ya nini kama si ya gesti? Nilipomuuliza alisema alikuwa peke yake, akalia, na tangu hapo hanisemeshi. Elfu arobaini imeteketea, wakati angeniuliza ningemwambia tununue mchele. Mama yangu yuko nasi tangu mwezi wa pili kwa sababu ya miguu, hana neno na mtu, naye anasema mwanamke aliyetulia hashindi gizani. Dada wa kazi aliondoka mwezi huohuo, kwa hiyo sina hata wa kunipa habari za ndani. Kaka zangu wanasema nimrudishe kwao kwanza, mengine yatafuata. Nishauri. — Baba wa Watatu, Tabata*

Marahaba, baba. Pole kwa kukosa usingizi. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimtafuta huyo mwanamume unayemshuku, sikumwona hata kivuli. Mara ya pili nilimtafuta mkeo, nikamkuta amejaa kila mstari, hata pale ulipokuwa unanieleza habari zako wewe.

Tuanze na kanga, maana ndiyo iliyokutoa jasho. Inaonekana sinema hujaingia siku nyingi. Kumbi za sasa hazina dirisha wala upepo, zina viyoyozi vya kugandisha samaki. Picha ya kwanza unashukuru Mungu kwamba joto la Dar umeliacha nje. Ikifika ya pili, vidole vya miguu vimekufa ganzi, unaipandisha miguu kwenye kiti na kujikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Anayekwenda kuangalia picha moja hutetemeka kidogo, akatoka. Anayebeba kanga ni yule aliyekwisha kuamua kukaa. Kwa hiyo kanga imekwambia kitu cha kweli, ila umekitafsiri kwa akili ya gesti. Mkeo hakupitiwa na wakati. Aliikunja kanga, akaitia chini kabisa ya mkoba, akakuaga kwa sauti ya kawaida, akaenda kushinda. Ningekuwa wewe, hilo ndilo lingeninyima usingizi.

Sasa bisi. Bisi ndogo, moja. Mwanangu, mwanamume anayemtaka mke wa mtu hanunui bisi ndogo. Hununua ile ndoo kubwa, na soda mbili, na chokoleti ambayo hakuna aliyeiomba. Bisi ndogo kwa picha nne ni bisi ya mtu anayehesabu punje. Na mchepuko gani duniani unamkaribisha mwanamke kwenye katuni saa tano asubuhi, katikati ya watoto wa watu wanaomwaga juisi?

Kwa nini basi aliingia kwenye katuni? Kwa sababu saa tano ndiyo iliyokuwapo. Na mimi nakwambia ile katuni hakuiona. Alilala. Anayekaanga maandazi ya kuuza anaamka saa kumi alfajiri, unga umeshaumuka unamsubiri, na wewe unakoroma. Watoto watatu wa kuogeshwa na kuvalishwa, mgonjwa wa miguu wa kusaidiwa kwenda msalani, na dada wa kazi ameondoka tangu mwezi wa pili. Hilo la dada wa kazi wewe umelitaja kwa masikitiko ya kukosa mpelelezi! Nimecheka peke yangu hapa mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Mwanamke huyo ukimpa kiti laini, giza, baridi, na uhakika kwamba hakuna anayejua jina lake, atalala kabla matangazo hayajaisha.

Picha la Kihindi hilo aliliangalia, na alilia. Karibu saa tatu nzima, na sinema ndiyo mahali pekee mjini ambapo mtu mzima analia na hakuna anayemuuliza amefiwa na nani. Baada ya ile ya saa kumi na robo kuna mwanya wa karibu saa moja, na naamini ndipo ulipomweka huyo bwana wako wa kufikirika. Lakini soksi zilinunuliwa saa ngapi? Ametoka kwenye giza, ana saa moja yake mwenyewe ambayo hakuna binadamu anayemdai kitu, naye anakwenda kununua soksi za shule za wanao. Ndizo ulizoziita kisingizio. Mungu akusamehe.

Nakuja kwenye tiketi ya nne, na hapa baba nyoosha mgongo. Picha imeanza saa moja na robo. Simu yako kaipokea saa moja na dakika arobaini. Saa tatu kasoro alikuwa mlangoni kwako, na foleni ya Jumamosi usiku kutoka Mlimani City mpaka Segerea unaijua. Piga hesabu. Aliondoka robo ya picha, na tiketi ameilipia. Ameinuka gizani, amewapita watu magoti, kanga mabegani, kwa sababu wewe umempa habari kwamba mama yako ana njaa. Hajui stelingi alipona au alikufa. Mwanamke mwenye bwana pembeni yake asingepokea ile simu. Baada ya mara ishirini na mbili, ya ishirini na tatu ilikuwa na uzito gani?

Na nina swali. Saa moja na dakika arobaini usiku, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, umesimama ndani ya nyumba yenye jiko, unga na mayai, unapiga simu kutangaza njaa ya mama yako mzazi?

Mechi tatu. Umezitaja mwenyewe, sikukuchokoza. Maana yake Jumamosi ya kawaida unaingia kibanda umiza mchana, unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, mchezo wa Ligi Kuu, halafu wa Uingereza, halafu mwingine wa huko huko, unatoka usiku shati linanuka jasho la wanaume sitini. Muda wa saa sita, saba. Nani anakupigia kukuuliza sukari iko wapi? Nani anakagua mfuko wako wa suruali kutafuta mkeka wa kubeti uliochanika? Elfu arobaini ya mkeo ina tiketi na risiti. Yako ikishaliwa haina hata karatasi ya kufungia karanga. Na hiyo elfu arobaini, kama sikosei, ni ya maandazi, yaani ni ya kwake. Nyani haoni kundule.

Vijana wa leo mnadhani mke kushinda nje kumeletwa na simu janja. Tulieni niwaambie. Mama zetu walikuwa wanatoka! Harusi ilikuwa siku tatu, siku saba, wanawake wanahamia kwa mwenye shughuli na mabeseni yao, wanarudi sauti imekauka. Ukiingia unyago wa mtoto wa jirani, mume anajua hakuna mke. Kwenye msiba walilala mkekani wiki nzima. Na sinema pia, msijifanye mmeianza ninyi. Mwambao huu, Unguja na hapa, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mabuibui yanajaa ukumbi mzima, mwanamume haingii. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mtu akitaka kuona dunia anakwenda mjini: Empire, Avalon, Odeon, Empress, Cameo, New Chox. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu wanapiga pasi tangu asubuhi. Na Msasani kulikuwa na Drive-In, ilifunguliwa 1966, pale ulipo Ubalozi wa Marekani sasa. Mimi niliingia pale nikiwa nimefichwa kwenye buti ya Peugeot ya mjomba na binamu zangu wawili, ili tulipiwe kichwa pungufu. Nilitoka nimechafuka grisi gauni la Idi. Nilichapwa, lakini picha niliiona.

Sasa angalieni ninyi. Harusi imekuwa usiku mmoja ukumbini, kadi ina bei, saa sita DJ anazima muziki. Msiba ni siku mbili na kundi la WhatsApp. Unyago umegeuzwa kichen pati, nayo ina kamati na michango. Kilichobaki kwa mwanamke kutokea nyumbani ni kikoba, na kikoba ni kazi, ni madaftari na marejesho. Zamani mwanamke alipumzika na jamii nzima ikamfunika, hakuna aliyemwita mhuni. Leo pumziko hilo analinunua tiketi kwa tiketi, gizani, halafu anadanganya alikokuwa. Mnaziita ndoa za kisasa. Za kisasa zina kisasa gani, kama mume anajua nywila ya simu ya mkewe na hajui saa anayoamka?

Nimetoka nje ya njia. Turudi Segerea.

Mama yako. Nina hakika amelelewa vizuri na miguu inamuuma kweli. Lakini mzazi asiyekuwa na neno na mtu hasemi kwamba mkamwana hakutulia. Hilo ni neno, tena limekomaa. Keti naye jioni moja, mkande miguu kwa maji ya moto wewe mwenyewe, na wakati unakanda muulize taratibu: mama, ulipokuwa msichana, picha gani ya Kihindi ulirudia mara nyingi? Kama ni mtu wa hapa mjini na ana umri ninaoudhani, usishangae akianza kukuimbia. Akishaimba, ule usemi wa mwanamke wa gizani tutaona utakaa wapi.

Mkeo naye simwachi. Uongo wa kikoba sikuupenda. Binti, kama na wewe unasoma hapa: mtu mzima haagi kwa uongo, maana siku likikupata jambo barabarani wenzako wataanza kukutafuta kwenye kikoba. Na simu usiiache ikaita mara ishirini na mbili wakati una mtoto nyumbani. Ungetuma ujumbe mmoja: nipo, nitarudi usiku. Basi. Ila baba, wewe usichekelee. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba angekuuliza, ungesema pesa ikanunue mchele. Jibu alilijua miaka kumi na moja. Angekuulizia nini?

Kumrudisha kwao ufute. Kaka zako wanaokushauri hivyo wasubiri wanao wakose uji Jumatatu, uone yupi atakuja kukoroga. Na ukimrudisha utawaeleza nini wazee wake? Kwamba binti yao aliangalia katuni?

Fanya hivi. Tafuta msichana wa kazi wiki hii, na mshahara wake utoke kwenye ile mifuko yako ya Jumamosi, usitoke kwenye maandazi. Mwombe radhi kwa mkoba. Mwombe hasa, usipitie kwa mtoto wala kwa kuku wa kununua. Halafu muulize ile picha ya nne iliitwaje. Usimuulize alikaa na nani, muulize ilikuwa inahusu nini mpaka pale alipoinuka. Picha hazikai ukumbini, wiki mbili zimepita, huenda wameshaiondoa. Kama bado ipo, Jumamosi hii umpe tiketi, ubaki na watoto, na umpikie mama yako. Usimfuate. Huko anakokwenda nafasi yako haipo kwa sasa, labda siku moja atakukaribisha, na siku hiyo ununue bisi kubwa.

Na ile kanga, nina hakika umeificha mahali, chini ya godoro au juu ya kabati, uje uionyeshe kaka zako kama ushahidi. Irudishe mkobani leo. Kabla hujaikunja, isome. Tiketi zote nne umezisoma mpaka dakika, risiti ya bisi umeisoma, lakini jina la kanga hukuniandikia.