Faundesheni ya uso unaotiwa udhu mara tano

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua chupa ya faundesheni, ile rangi ya kusawazisha uso, iliyoandikwa kwamba hudumu saa 24. Kufikia saa nne asubuhi pembeni mwa pua pote palikuwa pameambuka kama ukuta wa zamani, na bibi mmoja jirani, asiyejua kumsitiri mtu, akaniita barazani: "Mwanangu, uso huo umepigwa chokaa na fundi gani?"

Hakukosea. Chupa ile ingemfaa mwenye uso wa mafuta. Mimi ngozi yangu ni kavu tangu utotoni, na Lamu haiionei huruma. Kila siku navuka kwa boti kutoka Shela kwenda mjini, na msimu wa Kaskazi upepo hunichapa uso huku matone ya bahari yakikaukia mashavuni. Maji ya kisima tunayoogea nyumbani yana chumvichumvi. Juu ya hayo kuna udhu. Siku moja nikajihesabia: faundesheni ya saa 24 ya nini, ikiwa Adhuhuri tu nitaiosha? Tena zile zisizotoka kwa maji huziba ngozi, maji ya udhu yasifike. Ikawa nazisugua kwa sabuni na kitambaa, na kwa kusugua huko ngozi ikazidi kuchakaa.

Basi nikaacha kutafuta cha kudumu. Nikatafuta chepesi, kinachotoka kwa sabuni laini na kurudi usoni kwa dakika mbili.

Dukani, geuza chupa usome nyuma. Viambato hupangwa kwa wingi, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo kwa ngozi kavu napenda kuona maji mwanzoni na glisirini, kishika unyevu, karibu nayo. Skwaleni au asidi ya hailuroniki, navyo vya kutunza unyevu, ikiwamo, heri zaidi. Alkoholi ya kukausha ikijitokeza kwenye vitano vya mwanzo, irudishe kabatini. Ila usiikimbie setili alkoholi kwa sababu ya jina tu, hiyo hulainisha. Manukato makali nayo huiwasha ngozi kavu. Mbele ya chupa, neno "matte" ni isiyong'aa, na "dewy" ndiyo yenye unyevu. Maybelline, kwa mfano, wana Fit Me ya Matte + Poreless na nyingine ya Dewy + Smooth. Jina moja, kazi mbili tofauti, na mimi madukani hukutana zaidi na ile ya kwanza. Usichukue kwa kuzoea jina.

Halafu kuna lugha ya wauzaji. Ukisema unataka uso ung'ae, wengine hukutolea krimu ya kuchubua. Kung'aa si kuwa mweupe. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, na kikopo kisicho na orodha ya viambato mimi sikigusi hata nikipewa bure.

Rangi usiijaribu mgongoni mwa mkono, mkono una rangi yake. Paka mstari kwenye taya, utoke kwenye mwanga wa jua, ungoje kama dakika kumi, kwani nyingine hukolea zikikauka. Niliwahi kufanya hivyo Malindi, nikasimama barabarani na kioo changu, mwenye duka akanifuata mbio akidhani natoroka na chupa yake. Tulicheka, na ile niliyoshika nikairudisha, maana juani ilikuwa ya kijivu. Siku hizi angalau tuna pa kuchagua. Fenty Beauty walipotoka mwaka 2017 na rangi 40, kampuni nyingi ziliona aibu zikaongeza za kwao.

Lakini nikisema ukweli, ule mng'ao nusu yake hautoki kwenye faundesheni hata kidogo. Naosha uso, naufuta kidogo tu, na ungali na maji napaka krimu ya kulainisha. Kisha mafuta ya kukinga jua, mistari miwili ya urefu wa vidole, kwa uso na shingo. Usitegemee kinga iliyomo ndani ya faundesheni, kwa maana hakuna anayeipaka kwa wingi unaotakiwa. Wala usivichanganye viwili hivyo kiganjani, kinga hupungua. Hapo naacha. Navaa, natafuta viatu, nagombana na mdogo wangu juu ya kioo. Dakika tano hivi. Ukiharakisha, vitu hujiviringa usoni kama uchafu wa kifutio.

Faundesheni yenyewe ni kiasi cha punje mbili za mbaazi. Naanzia pembeni mwa pua, kidevu, chini ya macho, naigongagonga kwa vidole, joto la mkono huilainisha. Sifongo nayo nzuri, ila uiloweshe kwanza uikamue. Ikiwa kavu hunyonya unyevu wote uliolipia. Mashavu kwa nje sipaki kitu. Poda ni kidogo kwenye ncha ya pua, basi.

Mtaniuliza mafuta ya nazi. Nilichanganya tone moja humo, uso ukametameta vizuri siku tatu, ya nne vipele vikatoka pajini mwa uso. Wapo yasiowadhuru, mimi huyaweka kwa nywele na miguu. Na liwa, ule unga wa mti wa kunukia unaopakwa usoni, naipenda mno harufu yake, lakini ikikaukia usoni huvuta ngozi, kwa hiyo ni ya usiku wa Alhamisi, wala si asubuhi ya kazi.

Baada ya Adhuhuri sirudii yote. Uso ungali na maji ya udhu napaka krimu kidogo, nasali, kisha mafuta ya jua tena na faundesheni punje moja puani na kidevuni. Sehemu nyingine za uso naziacha bila kitu, na hakuna aliyewahi kugundua.

Jambo dogo la mwisho: koma kabla ya ukingo wa taya, pale mtandio unapogusa. Kwa miaka miwili mitandio yangu yote ilikuwa na ukanda wa kahawia ambao sabuni haikuuweza. Sasa nina mtandio mweupe, na nauvaa hadi kazini.